Gran Turismo (1997): gari lako lina uzito, wenzako wako kwenye reli

Wasomaji wangu, leo tuweke kando seva na hifadhidata. Kuna gemu moja ya zamani ambayo nimekuwa nikiirudia jioni baada ya kazi, na kadiri ninavyoicheza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kila mtu anayeandika programu angefaa kuichunguza. Ni Gran Turismo, ile ya kwanza kabisa, ya PlayStation ya kwanza. Ilitoka Japani tarehe 23 Desemba 1997, ikafika Ulaya na Marekani Mei 1998, na ikauza nakala zaidi ya milioni 10. Hakuna gemu nyingine ya mashine ile iliyoifikia.

Sifa zake zimeimbwa hadi zimechakaa: magari mengi, picha nzuri, marudio ya mbio yanayofanana na runinga. Lawama zake pia zinajulikana: wapinzani wapumbavu, magari yasiyobonyea, kuta unazoweza kuzitegemea kama rafiki. Kawaida watu huandika sifa upande huu na lawama upande ule, halafu wanatoa alama. Mimi kwa sababu ya kazi yangu siwezi kuzitenganisha. Zote zililipiwa kutoka pochi moja, na pochi yenyewe ilikuwa ndogo sana.

Turudi nyuma kidogo. PlayStation ilipoanza kuuzwa Japani tarehe 3 Desemba 1994, gemu ya magari iliyokuwa dukani siku hiyo ilikuwa Ridge Racer ya Namco. Tamu kweli! Ilitoka kwenye zile mashine kubwa za sarafu za kwenye kumbi za michezo, ambako mwenye mashine anataka ucheze dakika chache, ufurahi, ushindwe, kisha utie sarafu nyingine. (Kwa wapenda vijimambo: Ridge Racer ilipakiwa yote kwenye kumbukumbu ya mashine, hivyo ungeweza kuitoa diski, ukaweka CD yako ya muziki, na ukaendelea na mbio ukisikiliza unachotaka. Nani angekuruhusu leo?) Katika gemu za aina hiyo gari ni umbo tu linalosukumwa barabarani. Kwenye kona linateleza kwa madaha kwa sababu mtunzi aliandika kwamba liteleze, si kwa sababu matairi yameshindwa kushika lami.

Ndani ya Sony kulikuwa na kijana mmoja aliyetaka kitu kingine. Kazunori Yamauchi, mzaliwa wa 1967, alijulikana kwanza kwa Motor Toon Grand Prix ya 1994, mbio za vikatuni vya kuchekesha. Lakini wazo lake la gemu ya magari halisi lilikuwa limeanza kufanyiwa kazi tangu 1992, kabla PlayStation yenyewe haijaingia sokoni. Miaka mitano! Wengi wetu tungekuwa tumeshaitwa ofisini kueleza mradi umekwama wapi.

Sasa tufungue mashine tuone pochi ilikuwa na nini. Prosesa yake ni R3000A inayokwenda kwa MHz 33.8688. RAM ni MB 2, na kumbukumbu ya picha ni MB 1. Gran Turismo inachora fremu 30 kwa sekunde. Gawanya mwenyewe: kila fremu una mapigo 1,128,960 ya saa ya prosesa, basi. Humo ndani usome pedi, uhesabu fizikia, uwaendeshe wapinzani, upange poligoni na utoe mlio wa injini. Simu ya kawaida ya leo, ukihesabu kiini kimoja tu cha GHz 2, ina mapigo zaidi ya milioni 66 kwa muda uleule, na bado programu ya benki hukwama ikikuonyesha salio.

Isitoshe, prosesa ile haina sehemu ya kuhesabu desimali. Ukitaka 1.5 inabidi uibebe ndani ya nambari kamili: ukiamua kwamba 1 ni 4096, basi 1.5 ni 6144, na kila unapozidisha ukumbuke kugawanya tena, la sivyo gari litaruka mwezini. Chipu ya kusaidia hesabu za jiometri nayo inafanya kazi kwa mtindo huohuo. Hakuna kifaa cha kuamua poligoni ipi iko mbele ya ipi, unapanga mwenyewe. Na picha zinazobandikwa juu ya poligoni hazirekebishwi kufuata umbali, ndiyo maana ukipita karibu na ukuta mistari yake inapindapinda kama shuka iliyoanikwa kwenye upepo. Ukiiona hali hiyo katika gemu yoyote ya PlayStation ya kwanza, usimlaumu mchoraji.

Katika umaskini huo, kikosi cha Yamauchi kiliamua kununua kitu kimoja kwa bei ghali: uzito. Kanyaga breki, na uzito wa gari unahamia mbele, pua inainama, matairi ya mbele yanapata mshiko na ya nyuma yanaupoteza. Achilia mafuta ghafla katikati ya kona na mkia unataka kukupita. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele linabishana nawe ukikanyaga mafuta kabla ya kona kuisha: unakata usukani, lenyewe linakwenda nje. Linalosukumwa na ya nyuma lina adhabu yake tofauti, na utaijua siku utakapojikuta unatazama ulikotoka. Hakuna maandishi yanayokueleza haya. Unayasikia mikononi.

Ukinunua vipuri, tabia hiyo inabadilika kweli. Shokamzoba, springi, giaboksi, tabo, matairi, kupunguza uzito wa bodi. Nimecheza gemu nyingi za kisasa ambako kununua kipuri ni kuongeza nambari fulani kutoka 70 hadi 75 na hakuna unachohisi. Hapa ukishusha gari na kukaza springi, kona ileile uliyoizoea inakuwa kona nyingine.

Na kuna jambo lililoifanya gemu hii ituguse sisi Wakenya kuliko alivyokusudia mtunzi. Unaanza na krediti 10,000. Kwa pesa hizo gari jipya la kushinda hulipati, kwa hivyo unaelekea kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Mjapani amekaa kwao akaandika gemu, na bila kujua akachora Nairobi! Ndani ya yadi kuna nani? Demio. Legacy. Impreza. Civic. Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, magari ya miaka ya 1990 yalikuwa yakiteremshwa Mombasa hadi miaka ya 2000 inaanza, na wakati mimi nayajua kwenye skrini, jirani alikuwa anayaosha nje ya lango. Gemu ilikuwa na magari kama 140, mengi ya Kijapani, na wachache kutoka nje kama Aston Martin, TVR, Chevrolet na Dodge. Ferrari hakuna, Porsche hakuna, BMW na Mercedes hakuna. Mchezaji wa Ulaya aliona orodha yenye pengo. Kijana wa mtaa wetu aliona magari ya mtaani.

Kisha kuna leseni, ambazo wengi walizichukia nami nazipenda kuliko mbio zenyewe. Ziko tatu, B, A na International A, kila moja ina majaribio 8. Jaribio moja linapima kitu kimoja tu: ondoka, ongeza kasi, simama ndani ya eneo lililowekwa alama. Au ingia kona hii moja utoke kwa muda huu. Ukipitisha eneo umefeli, rudia. Ukitoka nje ya barabara umefeli papo hapo. Wale mnaoandika majaribio ya programu mtaona ujanja wake: kabla ya kuunganisha mfumo mzima, hakikisha kila kipande kinafanya kazi peke yake. Kona ndefu ya kasi huwezi kuitatua kama breki zako bado ni za kubahatisha.

Basi, hizo ndizo bidhaa. Sasa tuone deni.

Barabarani kuna magari 6 tu, pamoja na lako. Yale matano mengine yanafuata mstari wao kama treni ya SGR. Yanapunguza mwendo palepale kila mzunguko, yanarudi kwenye mstari uleule, na yakikukuta umesimama juu ya mstari huo yatakugonga mgongoni bila hata kupiga honi. Hayakasiriki, hayaogopi, hayafungi njia kwa makusudi. Punde mchezaji anagundua kwamba njia rahisi ya kuingia kona kali ni kutokanyaga breki kabisa: unamtumia aliye mbele yako kama mto. Yeye anatupwa nje, wewe unapunguza mwendo, mbio zinaendelea. Bodi haibonyei, taa hazivunjiki, na injini haihisi lolote.

Ushahidi wa gharama ya wapinzani hao umo ndani ya gemu yenyewe. Ukifika mbali vya kutosha unafunguliwa sehemu inayoitwa GT Hi-Fi. Humo picha ni kali zaidi na fremu zinapanda kutoka 30 hadi 60 kwa sekunde. Ukiiona mara ya kwanza utadhani umebadilishiwa mashine. Lakini ni njia 3 tu, mapambo ya kando yamepunguzwa, na uko peke yako. Hakuna gari jingine hata moja. Kwangu hiyo ni kama watunzi kuuacha mswada wa hesabu zao mezani: tukiwaondoa wengine, tazama mashine hii inavyoweza kukimbia.

Hapa naomba nisimame, maana jambo hili si la grafiki pekee. Kwenye kasha gemu ilijiita kiigizo halisi cha uendeshaji. Kaka yangu, ambaye leo anaendesha Demio kati ya Nakuru na Nairobi, anasema kitu kimoja alichokitoa humo na hajakiacha ni kufunga breki kabla ya kona, si ndani ya kona. Namwamini, kwa sababu nimeketi karibu naye. Lakini katika barabara ile kinachotisha si kona. Ni lori lililo mbele, matatu inayolipita lori, na yule wa nyuma aliyechoka kungoja. Kuendesha ni kukisia watu wengine watafanya nini, kutwa nzima. Gran Turismo iliigiza gari kwa heshima kubwa. Uendeshaji haikuuigiza, kwa sababu wale wengine hawakuwepo. Yalikuwepo maboksi matano yanayopita.

Je, walikosea kuchagua? Mimi nasema hapana. Ukiwa na mapigo milioni moja na kidogo kwa fremu, ukigawa nusu kwa fizikia na nusu kwa akili za wapinzani utapata gari lisilo na uzito na wapinzani wasio na akili, na hiyo ilikuwa tayari imejaa madukani. Waliweka pesa yote mahali pamoja na mahali hapo pakaonekana. Uamuzi wa namna hiyo unahitaji moyo.

Kuta ndizo siwezi kuwasamehe. Katika mbio ungeweza kuliegemeza gari ukutani kwenye kona ndefu, ukaendelea kukanyaga mafuta, ukatoka upande wa pili umepoteza kasi kidogo tu. Na mashine ilikuwa inajua! Kwenye majaribio ya leseni ileile gemu inakufelisha ukitoka nje ya barabara, yaani msimbo wa kukagua ulikuwepo, umeandikwa, unafanya kazi. Haukuitwa tu wakati wa mbio. Hiyo haihusu udogo wa prosesa. Kuhusu magari yasiyobonyea kuna utetezi, maana kampuni za magari zilizotoa ruhusa ya majina yao hazikufurahia kuona bidhaa zao zikiwa vyuma chakavu. Lakini ukuta hauna wakili.

Uchumi wake pia ulivuja. Ukishinda mashindano unazawadiwa gari, unaliuza, unarudi kwenye mashindano yaleyale, unazawadiwa tena. Kwa kuwa mbio nyingi hazikuweka kikomo cha nguvu za farasi, mtu mwenye subira angekusanya pesa, akajaza tabo kubwa, akaja kuwapita wapinzani kana kwamba wameegesha.

Halafu kuna kasoro moja ambayo mkaguzi wa jarida la London au Tokyo asingeijua, kwa sababu yeye alicheza kwake sebuleni. Sisi tulicheza kibandani. Ulilipa kwa mchezo au kwa dakika, pedi ikashikwa na mwingine muda wako ukiisha. Mpira unafaa sana mahali pa hivyo: mechi inaisha, aliyefungwa anainuka, anayefuata anakaa. Gran Turismo inataka mengine. Inataka saa nyingi, inataka ukumbuke jana ulifika wapi, na inataka kadi ya kumbukumbu. Kadi ilikuwa ya mwenye kibanda, moja, KB 128 zilizogawanywa visanduku 15, na wateja tulikuwa mtaa mzima. Uliacha Impreza yako hapo jioni, ukarudi kesho ukakuta kisanduku kina timu ya mpira ya mtu. Usiulize ni nani, hakuna aliyewahi kukiri.

Na kama ulithubutu Grand Valley kilomita 300, mizunguko 60 ya mfululizo ambako matairi yanaisha na lazima uingie pembeni kuyabadilisha, hakuna kuhifadhi katikati. Stima ikipotea kwenye mzunguko wa 50, umepoteza pesa, gari na heshima kwa pamoja. Kwa hivyo wengi wetu tulibaki na mbio za watu wawili, skrini imekatwa katikati, leseni hatukuziona na yadi ya mitumba tuliisikia kwa waliokuwa na mashine nyumbani. Yamauchi alikuwa ameandika gemu ya kulikimbia lile sanduku la sarafu. Kwetu, mwenye kibanda aliirudisha kwenye sanduku la sarafu, na robo tatu ya gemu ikafungiwa nje.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Gran Turismo 2 ilitoka Desemba 1999 ikiwa na magari zaidi ya 600 na diski mbili, ikaongeza barabara za vumbi na saketi halisi ya Laguna Seca. Ilitoka pia na harufu ya haraka: nakala za kwanza za Marekani hazikuweza kukamilika zaidi ya asilimia 98.2 hata ufanye nini. Aliyewahi kulazimishwa kutoa programu kabla ya Krismasi atatabasamu kwa uchungu. Magari yalianza kubonyea katika Gran Turismo 5, Novemba 2010, miaka karibu 13 baada ya ile ya kwanza. Upande wa uzito ulithibitishwa na shindano la GT Academy lililoanza 2008 kwa ushirikiano na Nissan, lililochukua wachezaji wa gemu na kuwaingiza kwenye magari halisi ya mbio. Lucas Ordóñez wa Uhispania alikuwa mshindi wa kwanza, na Jann Mardenborough wa Uingereza, mshindi wa 2011, ndiye aliyetengenezewa filamu mwaka 2023.

Wapinzani ndio waliochukua muda mrefu kuliko vyote. Februari 2022 watafiti wa Sony walichapisha katika jarida la Nature kazi yao iitwayo Sophy, programu iliyojifunza kuendesha ndani ya Gran Turismo Sport kwa kujaribu na kutuzwa, mara nyingi mno. Kinachonivutia ni mpangilio wa ushindi wake. Julai 2021, ikikimbia peke yake dhidi ya saa, Sophy iliwashinda madereva bora wa gemu hiyo. Ilipowekwa katika mbio za kikosi pamoja na binadamu, kikosi cha binadamu kikashinda. Watafiti wakarudi kuifunza upya, na Oktoba mwaka huohuo ikashinda. Gari walikuwa wamelimaliza mapema. Kazi ngumu ilikuwa kuifundisha mbinu na adabu: kumpita mtu bila kumgonga, kumwachia nafasi inapostahili, kutokuwa mwoga kupita kiasi wala mkorofi. Mashine ya 1997 isingeweza kubeba hata kivuli cha hesabu hizo.

Kwa atakayetaka kuijaribu: tafuta diski na mashine yenyewe, au tumia emuleta kwenye kompyuta na diski yako halali. Kama mashine ni ya zamani na inakwama kusoma, igeuze juu chini. Si uchawi, reli ya plastiki inayobeba lenzi huchakaa, na ukiigeuza uzito unaegemea upande mwingine. Wenye vibanda walijua dawa hiyo zamani. Chukua leseni B. Kwenye yadi nunua Demio, usiifunge tabo kwanza, uipeleke Autumn Ring. Ukikaribia kona, kanyaga breki mapema ukitazama pua yake.